Vifaranga wanakufa kwenye bruda: tafuta kosa kabla ya dawa

Malalamiko ya wafugaji kuhusu vifaranga hujirudia mno. Wanalia usiku kucha. Wanalaliana. Wameziba nyuma. Kila asubuhi anaokotwa mmoja au wawili. Swali linalofuata nalo halibadiliki: niwape dawa gani? Katika siku kumi za kwanza jibu mara nyingi si dawa. Ni joto, hewa, maji au matandazo, na hakuna antibayotiki inayopandisha joto la bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) wala inayofungua dirisha.

Kabla ya kuangalia dalili yoyote, jibu mambo mawili. La kwanza ni umri, kwa siku. Kifaranga wa siku tatu na wa siku ishirini na tano wanaweza kuzubaa kwa namna ileile, lakini chanzo hakifanani hata kidogo. Vifo vya wiki ya kwanza huelekeza kwenye kituo cha kutotolesha, safari, joto na maji. Kuhara damu huanza kusumbua zaidi kuanzia wiki ya tatu, na Gumboro, ugonjwa wa virusi, hupiga hasa kati ya wiki ya tatu na ya sita. Kwa hiyo anayewamwagia vifaranga wa siku tatu dawa ya kuhara damu anatibu ugonjwa ambao haujapata hata muda wa kuanza. La pili ni idadi ya vifo kwa siku: inapanda, inashuka, au imesimama? Kupoteza mmoja au wawili kwa kila mia katika wiki ya kwanza ni jambo la kawaida. Zaidi ya hapo kuna kosa mahali. Andika kila siku, kwa sababu ukitegemea kumbukumbu ya kichwani utahesabu vifo pungufu.

Wanarundikana na kulia kwa sauti kali

Ni baridi, hadi utakapothibitisha vinginevyo. Kifaranga hawezi kulinda joto la mwili wake vizuri katika siku kumi hadi kumi na nne za mwanzo, analitegemea lako.

Anza na kipimajoto. Kiko wapi? Kilichotundikwa ukutani kinapima ukuta. Kishushe hadi usawa wa mgongo wa kifaranga, kama sentimita 5 juu ya matandazo, pembeni kidogo ya chanzo cha joto. Wiki ya kwanza panatakiwa nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki hadi kufikia 20 au 21, karibu na wiki ya tano au ya sita ambapo manyoya yamekamilika.

Kisha wasome vifaranga wenyewe, maana wao ni kipimo bora kuliko hicho cha kioo. Wakiwa wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, na sauti ni ya chinichini, joto ni sawa hata kama namba imepishana kidogo na kitabu. Wakibanana chini ya taa, wana baridi. Wakiikimbia taa hadi kwenye uzio, wamezidiwa na joto. Wakijazana upande mmoja tu wa duara la uzio, kuna upepo unaingia kutoka upande wa pili. Hili la mwisho hupuuzwa sana: mfugaji huongeza taa ya pili, na vifaranga wanaendelea kujibana palepale.

Kama joto la hewa ni sahihi na bado wanarundikana, kagua kwa mpangilio huu:

1. Sakafu. Mshike kifaranga, gusisha miguu yake kwenye shavu au shingo yako. Miguu ikiwa ya baridi, sakafu ni ya baridi, hata kama hewa ina joto. Ongeza matandazo yafike sentimita 5 hadi 10. Kundi lijalo, washa bruda saa 24 kabla vifaranga hawajafika, kwa sababu zege huchukua muda mrefu kupata joto.
2. Upepo wa chini. Shika uzi mwembamba au kipande cha karatasi laini kwenye usawa wa kifaranga, uzunguke duara lote. Kinapopepea, ndipo penye tatizo. Ziba sehemu ya chini, kiasi cha sentimita 45 kutoka sakafuni. Ya juu iache.
3. Nguvu ya chanzo cha joto. Balbu moja ya wati 250 hutosha vifaranga kati ya 50 na 100, kutegemea hali ya hewa. Kwenye baridi, hesabu 50.
4. Njaa au kiu. Kilio cha njaa na kilio cha baridi hufanana masikioni; gole, kifuko cha chakula chini ya shingo, litakuambia, na tutalifikia.

Kagua saa kumi alfajiri. Bruda iliyo sawa saa mbili usiku inaweza kuwa baridi kabisa saa hiyo, na ndipo wanapolaliana. Wanaokufa kwa kulaliana mara nyingi ni wale wazima walionaswa chini, kwa hiyo mizoga haina dalili yoyote na mfugaji anabaki kushangaa. Pembe za chumba ziondoe kwa kuweka uzio wa mviringo. Umeme ukikatika, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa hukusukuma hadi asubuhi, ilimradi uzibadilishe.

Onyo: taa ya joto ining'inizwe kwa mnyororo au waya imara, kamwe isining'inizwe kwa waya wake wa umeme. Waya ukichomoka, balbu inaangukia maranda makavu na nyumba inaungua. Soketi ikitoa harufu ya kuungua au waya ukiwa wa moto mkononi, zima umeme kwenye swichi kuu na uite fundi umeme. Hapo hapana pa kujaribujaribu.

Wanahema midomo wazi, mabawa yameshuka, wako mbali na taa

Wamezidiwa na joto. Pandisha taa sentimita chache kwa wakati mmoja, usiizime yote ghafla. Wape nafasi ya kuchagua kwa kuongeza ukubwa wa duara, upande mmoja uwe na joto na mwingine uwe wa wastani. Weka maji mapya yasiyo moto. Joto kali linakausha mwili haraka, na kifaranga aliyekaukiwa leo anaweza kufa kesho kutwa, wakati wewe umeshasahau mchana ule. Wakiendelea kuhema hata baada ya joto kurudi sawa, ruka hadi kwenye sehemu ya kupumua.

Harufu inachoma macho, kuta zina jasho, matandazo yamelowa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, tena kwa nia njema. Kwa kuogopa baridi, bruda inafungwa turubai pande zote, madirisha yanazibwa kwa magunia, na mlango hufunguliwa mara mbili kwa siku. Joto linakaa kweli. Lakini vifaranga wanapumua mvuke, kinyesi kinatoa amonia, na jiko la mkaa linakula hewa ileile wanayoihitaji. Baridi hutibiwa kwa kuongeza joto. Ukiitibu kwa kuziba hewa, umebadilisha tatizo linaloonekana kwa tatizo lisiloonekana.

Kipimo rahisi: ingia kutoka nje, chuchumaa hadi kichwa kikaribie usawa wa vifaranga, na ukae hapo dakika moja. Macho yakikuchonyota au pua ikichoma, amonia imeshapita kiwango. Madhara kwenye njia ya hewa ya kuku hutajwa kuanzia sehemu 25 kwa milioni, na pua ya mtu huanza kuinusa karibu na 20, kwa hiyo ukiinusa waziwazi tayari umechelewa kidogo. Usimtegemee anayeshinda humo; pua huizoea harufu. Mlete mtu ambaye hajaingia siku hiyo.

Chanzo cha kawaida zaidi ni unyevu chini ya vyombo vya maji. Toa matandazo yaliyolowa leo hii, weka makavu, na uinue chombo hadi ukingo wake ulingane na mgongo wa kifaranga. Uinue tena wanavyokua. Geuza matandazo kila siku mbili tatu ili yasishikane. Cha pili ni msongamano: duara lililotosha siku ya kwanza halitoshi siku ya nane. Panua kabla hawajakulazimisha.

Cha tatu ni matundu ya hewa yenyewe. Yanatakiwa yawe juu, karibu na paa, kwenye kuta mbili zinazotazamana, ili hewa ya joto yenye mvuke inayopanda itoke bila upepo kugusa migongo ya vifaranga. Kama umetumia turubai, shusha ukingo wake wa juu uache nafasi ya shubiri moja au zaidi. Joto litapungua, ndiyo. Washa taa nyingine. Ukiona matone kwenye dari au kuta asubuhi, nafasi hiyo bado haitoshi.

Onyo kubwa: jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dalili yake ni vifaranga kusinzia wengi kwa mpigo na kufa wengi ndani ya saa chache, bila kuhara na bila kukohoa. Wewe ukiingia na kichwa kikaanza kuuma au kizunguzungu kikakupata, toka nje hapohapo, kisha fungua milango ukiwa nje. Usirudi kuokoa vifaranga. Mtu aliyezimia humo ni wa kukimbizwa hospitali. Jiko liwashwe nje hadi moshi uishe, liingizwe likiwa na makaa mekundu, na lisiingie kabisa kwenye chumba kisicho na matundu ya juu. Asilale mtu humo, hata mlinzi wa vifaranga.

Kinyesi kimeganda nyuma na kuziba

Sababu ya kawaida ni msukosuko: baridi ya safari, joto lililozidi, au kukaa muda mrefu bila maji. Lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu, lainisha, futa taratibu. Usivute kikiwa kikavu, ngozi itachanika. Paka mafuta mazito kidogo, mkaushe kabisa, mrudishe kwenye joto. Angalia usikosee: kitovu kiko chini ya tumbo, mbele ya tundu la haja, na kamba kavu iliyobaki hapo haiguswi.

Kisha rudi kwenye joto na maji, kwa sababu kusafisha matako peke yake ni kazi ya kila siku isiyoisha.

Sababu isiyo ya kawaida, lakini nzito, ni bakteria wa Salmonella wanaosababisha kuhara kweupe. Hapo utaona kinyesi cheupe kama chokaa, vifaranga wanaolia wanapojisaidia, na vifo vinavyopanda ndani ya wiki mbili za mwanzo licha ya joto kuwa sawa. Simama hapo na uite daktari wa mifugo. Ugonjwa huu hupita kutoka kwa kuku mama hadi ndani ya yai, na vifaranga wanaopona wanaweza kubaki na vimelea maishani. Wasiwekwe kuwa kuku wa mbegu. Na kwa kuwa bakteria wa jamii hii huweza kumwambukiza hata binadamu, nawa mikono kwa sabuni kila unapotoka, na watoto wasiwabusu vifaranga.

Vifo vya siku ya tatu hadi ya tano, bila dalili kubwa

Kifaranga hutotolewa akiwa na mabaki ya kiini tumboni yanayoweza kumbeba hadi saa 72 hivi. Ndiyo maana asiyekula wala kunywa huonekana mzima siku mbili, halafu huanguka ya tatu au ya nne. Kosa lilitokea siku ya kwanza.

Jioni ya siku ya kwanza, shika vifaranga kama ishirini kutoka pande tofauti za duara na upapase gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Likiwa limejaa na laini kama uji mzito, amekula na amenywa. Likiwa gumu, amekula lakini hajapata maji. Likiwa teketeke kabisa, ana maji tu. Likiwa tupu, hajaona kitu. Baada ya saa 24, karibu wote wanapaswa kuwa na gole lililojaa. Wakiwa pungufu, ongeza mwanga, mwaga chakula juu ya karatasi zenye mikunjo kwa siku mbili tatu, sogeza maji ili kifaranga asitembee zaidi ya mita moja kuyafikia, na chovya midomo ya wachache, wengine wataiga.

Miguu mikavu iliyosinyaa na mishipa iliyojitokeza ni ukosefu wa maji. Tumbo lililovimba, kitovu chenye unyevu au weusi, na harufu mbaya ni maambukizi ya kitovu. Haya huanzia kwenye mayai machafu au mashine chafu, na waliokwisha kuugua mara chache hupona. Watenge, tunza boksi na tarehe ya kundi, piga picha, na uwasiliane na aliyekuuzia mapema. Wakiugua zaidi ya vifaranga wachache, mwite mtaalamu aamue kama kundi lililobaki linahitaji tiba. Usiamue kwa kubahatisha dukani.

Kupumua kwa shida

Sikiliza usiku, taa ikiwa imepunguzwa na wewe umesimama kimya.

Chafya chache siku kadhaa baada ya chanjo hai ya kideri (Newcastle) ni kawaida na hupita kwa siku tatu hadi tano kama hewa ni safi. Amonia ikiwepo, chafya hizo hugeuka ugonjwa. Vumbi la maranda membamba nalo husababisha chafya. Tumia maranda makubwa.

Wanaohema wakinyoosha shingo lakini bila sauti yoyote, hasa wiki mbili za kwanza, wafikirie ukungu. Chimbua matandazo na unuse. Fungua gunia la chakula na utazame mabonge. Ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvu hauna tiba ya maana kwa kundi. Unachoweza ni kuondoa matandazo yote, kutupa chakula hicho na kuokoa wasioathirika.

Kukoroma, kamasi na macho kutoa machozi huashiria virusi au bakteria wa njia ya hewa. Usisubiri ukiona pamoja na hayo kuhara kijani, shingo zinazopinda, au vifo vinavyoongezeka maradufu kutoka siku moja hadi nyingine. Kideri ni miongoni mwa magonjwa ya kutolewa taarifa kwa mamlaka za mifugo. Usiuze, usihamishe, usigawe kuku, na usimruhusu jirani mwenye kuku aingie.

Damu kwenye kinyesi, au kuhara kuanzia wiki ya tatu

Kuhara damu, yaani koksidiosisi, huletwa na vimelea vinavyokomaa kwenye matandazo yenye joto na unyevu ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo dawa bila kukausha matandazo ni nusu ya kazi. Amproliamu kwenye maji hutumika sana. Fuata kipimo cha lebo, na siku hizo usichanganye na vitamini zenye B1, kwani dawa hiyo hufanya kazi kwa kumnyima kimelea vitamini hiyohiyo. Siku za joto kali kuku hunywa zaidi, na hivyo humeza dawa zaidi. Kwa dawa za salfa jambo hilo linaweza kuwaua.

Kuhara majimaji meupe, kujidonoa tundu la haja na kulala kifudifudi kati ya wiki ya tatu na ya sita kunaelekea Gumboro. Vifo hupanda ghafla kisha hushuka ndani ya wiki hivi. Hakuna dawa ya virusi hivyo. Wape joto la ziada, maji safi na utulivu. Salfa hapa ni kosa, kwa sababu figo tayari zimeumia. Kwa kuwa wakati mwingine magonjwa haya mawili hufuatana, kupasuliwa kwa mizoga miwili mitatu na daktari kutakuokolea gharama ya kubahatisha.

Miguu, shingo na kudonoana, kwa ufupi

Miguu iliyoachana pande mbili siku za mwanzo ni sakafu yenye utelezi, hasa gazeti laini. Vidole vilivyokunjika kwa ndani huelekeza kwenye upungufu wa vitamini B2, na akiwahi kupewa hupona. Shingo kupinda kunaweza kuwa upungufu wa vitamini E kutokana na chakula kilichochacha, au kideri. Kundi ambalo halikuchanjwa lipimwe kwanza. Kudonoana huanza na joto, msongamano au mwanga mkali. Punguza mwanga, mtenge aliyejeruhiwa mara moja.

Unapokwenda kwa daktari

Peleka vifaranga watatu au wanne walio hai wenye dalili, pamoja na waliokufa ndani ya saa chache. Mizoga iwekwe kwenye ubaridi, isigandishwe, kwani barafu huharibu viungo vya kuchunguza. Beba lebo ya chakula, tarehe za chanjo, na lile daftari la vifo. Kama umeshawapa dawa yoyote, taja jina na siku uliyoanza, hata kama uliipewa na jirani. Antibayotiki iliyotangulia inaweza kuficha bakteria kwenye kipimo, na daktari asiyejua hilo atasoma majibu vibaya.